Umekula kwa Wakwe?

Antigua, Guatemala
14 Januari 2024

Kwako Xaveria, Mama Clemence, dada pekee niliyebakiwa naye wa kugombana naye,

Pokea salamu za kaka yako Fabiani, ambaye ni mzima kuanzia kichwani mpaka mapajani. Magoti yalikataa safari tangu uwanja wa ndege na hadi leo yameninunia. Nisalimie Clemence na wanawe kule Sigino, na kama yule mchanga bado hajapewa jina mnisubiri, msije mkampa jina la mchezaji mpira. Nisalimie Sabore, mwambie mbuzi zangu azichunge kama zake, ila asisahau kwamba si zake. Na maksai wangu mwekundu anaendeleaje? Huyo ndiye mwanaume pekee aliyebaki pale nyumbani, usiache kuniandikia habari zake.

Utauliza kwa nini barua wakati dunia nzima ina simu. Simu ni ya mjukuu wetu Brightness. Nikiishika yeye anakaa pembeni anatabasamu, na upelelezi haufanywi mbele ya mtu anayepelelezwa. Kwa hiyo nimenunua bahasha.

Mliyonituma nimeyashika. Kikao cha ukoo kilisema: Fabiani, nenda ukaione nyumba ya kijana anayemtaka mjukuu wetu, uone wanavyoishi, wanavyowatunza wazee wao, kama kuna ulevi, kama kuna kupigana. Na usile kwao hata punje mpaka moyo wako ukubali, maana mjumbe akishakula kwa wakwe maneno yamekwisha, binti amekwenda. Nimeyashika yote, na hilo la kutokula nimelishika kwa mikono miwili.

Kijana mwenyewe anaitwa Octavio. Mimi namwita Octavian, kama yule fundi baiskeli wa Singe, na anaitika. Ni mtu wa kahawa, huko huko kwenye kahawa ndiko alikokutana na Brightness na elimu yake ya kilimo. Siku ya kwanza nilimwambia Brightness, "Mwambie mimi ndiye mume wako wa kwanza, na sijafa." Akasema, "Babu, hilo silitafsiri." Nikasema basi sina zaidi. Hawa watu sijui kama wana utani wa babu na mjukuu. Nitachunguza.

Sasa huu mji. Wahispania waliujenga zamani sana, ukawa makao makuu yao. Likaja tetemeko likaangusha kila kitu, serikali ikaamuru watu wahame, makao makuu yakahamishwa. Wengine wakagoma, wakabaki na vifusi vyao. Hao waliogoma ndio mababu wa Octavian, na nyumba nzima inajisifu kwa hilo. Ukaidi ninauheshimu, hilo nimeliandika upande wao.

Barabara zote ni za mawe, ndiyo maana magoti hayaongei na mimi. Nyumba ni fupi, moja ya manjano, moja nyekundu ya tofali, moja ya bluu, na kwa nje ni ukuta mtupu kama ghala la mahindi. Ukifunguliwa mlango, ndani kuna bustani, maua, na kisima kinachorusha maji juu bila sababu. Makanisa yaliyoangushwa na tetemeko wameyaacha hivyo hivyo, hayana paa, nyasi zimeota madhabahuni, na watu wanakata tiketi kuingia kuyatazama. Sisi pale kigangoni tulisali kwenye kanisa lisilo na paa miaka mingapi, na hakuna aliyekuja na kamera.

Kuna milima mitatu. Mmoja ukiutazama asubuhi utasema ni Hanang imekuja kutembea. Mwingine unatoa moshi kama mzee mwenye kiko. Walinieleza kwamba ule unaofanana na Hanang, zamani uliporomosha maji na tope ukaumaliza mji wa kwanza, kabla ya huu. Hapo nikakumbuka tope lililowafukia watu Katesh mwezi uliopita. Octavian alivua kofia akaishika kifuani mpaka nilipoanza kusema tena.

Lakini kuvua kofia siyo kuoa.

Nyumbani kwao waliniandalia meza. Nikasema tumbo. Bibi yake, Bibi Toribia, mwanamke wa rika letu, aliniangalia kuanzia viatu hadi kofia, kama anayenunua ng'ombe mnadani.

Ni mimi kaka yako,
Fabiani

* * *

Nakwa, Babati
8 Februari 2024

Kaka Fabiani,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa imekunjwa pembe zote kama aliyeileta aliikalia. Sisi wote tu wazima. Mvua ya mwaka huu haisikii la mtu, njia ya kushuka ziwani imekatika na viboko wanapanda mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Mahindi yako nimekupalilia, ya kwangu bado, uyakumbuke hayo. Mtoto wa Clemence tumempa jina Tingisha, la babu wa baba yake, kwa hiyo usijisumbue. Sabore anasema mbuzi zako ni wabishi kama mwenyewe na anaomba urudi uwachukue.

Kaka, nimesoma barua yako mara mbili. Nimewasomea na wazee pale kwa katekista, wamecheka wakashika mbavu kwa lile la makanisa. Baadaye mmoja akauliza, "Sasa amekula?" Tukaitafuta habari hiyo ukurasa kwa ukurasa. Umesema tumbo.

Tumbo lako nalijua miaka yote. Lilikula kumbikumbi wabichi likacheka. Naomba unijibu neno moja tu: hao watu wana kasoro gani? Kama wana kasoro, iseme, tuivunje hii habari mapema mtoto asiendelee kuumia. Kama hawana, kula. Brightness ameshaniambia kwa simu kwamba bila neno lako haolewi, na wewe unajua akisema kitu amesema.

Ulale vizuri, uvae soksi.

Dada yako,
Xaveria

* * *

Antigua
3 Machi 2024

Mama Clemence,

Marahaba. Asante kwa palizi. Asante na kwa habari za Tingisha mdogo, jina zuri, ingawa Tingisha mkubwa alikuwa na deni la jembe langu mpaka anaingia kaburini. Hukuniambia neno juu ya maksai. Naona umesahau. Mimi sijasahau.

Niseme kwanza kwamba ninakula, usiwe na wasiwasi, nimenenepa shingo. Asubuhi ninateremka sokoni. Pale kuna mama anayeuza uji wa mahindi mabichi, mtamu, wa moto, kwenye bakuli la kibuyu. Fikiria, nimepanda ndege tatu kuja kunywa uji. Mchana ninakaa bustanini mbele ya kanisa kuu, ninakula mkate wao wa mahindi na maharage meusi. Hawa watu, Xaveria, ni watu wa mahindi kutushinda sisi. Wanayo ya njano, meusi, mekundu, na bibi akidondosha punje chini anainama kuiokota. Nilipoona hivyo nikainuka nikamsaidia mmoja kuokota. Tukacheka, hatujui lugha hata moja ya kutaniana nayo, lakini tulitaniana.

Jioni Octavian anakuja kunichukua. Wana ngoma ya mbao ndefu kama meza ya sherehe, watu wanne wanaipiga pamoja kwa vijiti, wanaiita marimba. Sauti yake ni kama mvua ya kwanza kwenye bati. Nilicheza. Brightness alijificha uso, halafu akaja akacheza na mimi, na wazungu wakatupiga picha. Nilimwambia Octavian kwa mikono kwamba huyu ni mke wangu na wewe kaa. Akakaa, akainamisha kichwa, akanipigia makofi. Labda utani wanao.

Kwaresima huku haifanani na yetu. Leo Jumapili wametoa sanamu ya Bwana kanisani, iko juu ya jukwaa la mbao kubwa kama lori la alizeti, na wanaume wenye kanzu za zambarau wamelibeba begani, wanayumba nalo taratibu, hatua moja mbele kidogo na moja pembeni, moshi wa ubani mpaka huoni jirani, tarumbeta nyuma. Wanapokezana. Octavian alikuwa mmoja wao. Bega lake lilivimba, hakulisema, nililiona nilipomshika kumpongeza.

Sasa nikuambie jambo la aibu kidogo. Mara ya nne nilipokataa kula kwao, wale watu waliingiwa na hofu, wakaita daktari nyumbani. Kijana mzuri, amenibonyeza tumbo lote, akawaambia huyu mzee ana tumbo la ng'ombe. Basi ikabidi Brightness awaeleze ukweli wa mila yetu. Sikuwepo alipoeleza. Nilipoingia wote walinitazama, mama yake Octavian macho mekundu. Alikuwa amepika kwa mikono yake siku zote zile. Bibi Toribia peke yake ndiye aliyecheka, akacheka mpaka akashika meza.

Njiani Brightness alitembea mbele yangu. Tulipofika kwake akasema, "Babu, wamekukosea nini?"

Nikasema, "Hawajanikosea."

"Basi unasubiri nini?"

"Upelelezi haujaisha."

"Umeshapeleleza hadi jiko lao. Umehesabu kuku wao. Unafikiri nikikaa na wewe bila jibu nitabaki mtoto?"

Nikamwambia mke wangu, leo una maneno makali. Hakucheka. Ni mara ya kwanza, Xaveria. Siku zote anacheka.

Karatasi imeisha. Habari za maksai.

Fabiani

* * *

Nakwa, Babati
24 Machi 2024, Dominika ya Matawi

Kaka,

Shikamoo. Tumetoka kanisani sasa hivi na tawi lako nimelipeleka nyumbani kwako nimelichomeka juu ya mlango, kwa sababu najua ukirudi utalitafuta. Nyumba yako ni kavu, haivuji. Clemence amemaliza siku zake za uzazi na ameanza kutoka. Maharage yamepata kutu kwa mvua hii, mbaazi ni nzuri. Sabore alihudhuria ibada nasi leo, kwa sababu ya matawi, anasema yanafaa kwa mbuzi.

Barua yako ya Machi nimeisoma peke yangu. Hii sikuwasomea wazee.

Nakuandikia kama dada. Umeandika habari za uji, za marimba, za mahindi mekundu, za bega la kijana, na kila unachoandika ni sifa. Hakuna kasoro hata moja humo, kaka, nimeitafuta kwa miwani. Mtu asiyeona kasoro upande wa pili anaogopa nini? Nitakuambia. Mama yake Brightness alipofariki, ulimchukua huyo mtoto ukampeleka shule kwa baiskeli kila siku, mvua na jua, ameketi nyuma ameshika shati lako. Mkeo naye akatangulia, mkabaki wawili. Unaogopa kurudi kwenye nyumba ambayo hakuna mtu wa kukucheka.

Lakini alishaondoka, Fabiani. Aliondoka siku ile alipopanda basi la Morogoro kwenda chuoni, na wewe mwenyewe ulimbebea sanduku.

Sijui barua hii itakukuta lini, pengine baada ya Pasaka. Ikikukuta hujala, kale. Na usiniulize tena habari za maksai, nina kazi nyingi.

Xaveria

* * *

Antigua
1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka

Xaveria,

Kristo amefufuka, na mimi nimekula. Sina barua yoyote kutoka kwako tangu ile ya Februari. Nadhani umenuna, au njia imekatika. Nakusalimu hivyo hivyo, na watoto wote, na mbuzi.

Nitakueleza ilivyokuwa ili uwaeleze wazee pasiwe na mtu wa kuongeza chumvi isipokuwa mimi.

Ijumaa Kuu hapa, kila nyumba inatandika zulia barabarani mbele ya mlango wake, njia atakayopitishwa Bwana. Usifikiri zulia la kufumwa. Wanachukua vumbi la mbao, lile la kwenye mashine ya kupasulia, wanalitia rangi, wanalichekecha juu ya mawe, wanachora maua, misalaba, ndege, kila kitu kwa mkono, wanatandaza na majani ya msonobari yananukia. Asubuhi Octavian akaja kuniita. Nikasema mimi mjumbe, sifanyi kazi ya kwenu. Bibi Toribia akatoka nje na chekecheo, akanipa mkononi, akanionyesha kipande cha barabara upande wa kushoto. Hicho ni chako, alinionyesha hivyo.

Basi nikachora kiboko. Kiboko wa ziwa letu, mwili wa kijivu, mdomo wazi, maji ya bluu chini yake, na meno nikayawekea petali nyeupe. Jirani mmoja alisema ni nguruwe. Nilimwambia kwa Kiswahili mambo ambayo Brightness alikataa kutafsiri. Tulilala juu ya mbao tusiharibu kazi, mimi, Octavian, mama yake, Brightness, kila mtu na kona yake, na jua linapanda. Brightness alichora baiskeli. Hakusema ni ya nani.

Nilikuwa kwenye jicho la kiboko, jicho ndilo gumu, nikasikia kitu cha moto kimewekwa kwenye kiganja changu cha kushoto. Unga wa mahindi uliochemshwa ndani ya maganda, na kipande cha nyama katikati. Nikala. Nilikuwa na njaa, na jicho halijakamilika, nikala kama mtu wa kwenye palizi anayepewa kiazi. Nilipomaliza kulamba kidole nikainua macho. Barabara nzima wamesimama wananitazama. Bibi Toribia alikuwa juu yangu na sufuria.

Nikasema, "Hii ni barabarani. Barabara ni ya serikali."

Brightness alitafsiri hilo. Bibi Toribia akajibu, na Brightness akanigeuzia: "Anasema mkono uliokupa siyo wa serikali."

Kabla sijajibu tarumbeta zikasikika kwenye kona. Watu wakasimama ukutani. Likaja lile jukwaa, wanaume wamelibeba, ubani, wanayumba. Xaveria, wakapita juu ya zulia. Juu ya maua, juu ya baiskeli, juu ya kiboko wangu ambaye jicho lake lilikuwa halijakamilika. Kazi ya asubuhi nzima ikawa vumbi la rangi nyingi limechanganyika. Nikataka kulia. Nikawatazama wenye nyumba, nikakuta nyuso zao zinang'aa, mama yake Octavian amefunga macho anashukuru. Nikamuuliza Brightness hawaumii? Akasema, "Babu, si ndiyo maana wanalitengeneza? Lisipopitiwa wanasema mwaka huu tumesahauliwa."

Nilisimama pale mpaka moshi ulipotulia. Halafu nikafuta viatu, nikaingia ndani ya nyumba yao ya manjano kwa mlango mkubwa, nikaketi mezani, kichwani pa meza, nikasema nipeni sahani.

Kwa kuwa Ijumaa Kuu hatuli nyama, na mimi nilikuwa nimeshaila ile ya barabarani, na hilo nitalipeleka kwa padri mwenyewe, waliniletea samaki. Jumapili ya Pasaka ndiyo walipika kuku kwa mchuzi mweusi wa mbegu za maboga zilizokaangwa. Siku zote mbili nilimaliza sahani. Ile Ijumaa walikaa wote hawajagusa vyao, wananisubiri. Nikatafuna, nikameza, nikamgeukia Brightness nikasema, "Mke wangu, waambie chumvi imepungua."

Akalia, akacheka, vyote pamoja. Hapo Octavian akaelewa bila kutafsiriwa.

Nashukuru mlinituma. Sikuwahi kufikiri kuna watu ng'ambo ya bahari mbili ninaoweza kuketi nao nikajua kila kilichomo kwenye chungu. Waambie wazee hivyo, halafu uniambie maksai yuko wapi.

Fabiani

* * *

Nakwa, Babati
26 Aprili 2024

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ajili ya kiboko. Barua yako niliisoma mbele ya wazee wote. Mzee Wilson alilia kwa lile zulia, anasingizia moshi wa jiko. Tu wazima. Mvua imepungua, ziwa bado limejaa.

Sasa umekula, naweza kukuambia. Maksai wako mwekundu yuko Sigino kwa Clemence. Yuko huko tangu wiki ile uliyopanda ndege, anakula mashudu ya alizeti na pumba, hafanyi kazi yoyote, amenenepa hapiti mlangoni. Ndiye wa harusi ya Brightness.

Umesoma vizuri. Tangu wiki ile. Ukoo ulishakubali mwezi wa kumi na mbili, siku Brightness alipopiga simu na huyo kijana akajaribu kutusalimia kwa Kiswahili akasema "shikamoo" kwa kila mtu mpaka kwa watoto. Wazee walisema, kijana ni mzuri, tatizo ni Fabiani. Tukimwambia kwa mdomo tu atasema ndiyo, kisha ataumia peke yake usiku na mchana hadi afe. Mpelekeni akaone mwenyewe anakomwacha mtoto. Na mimi nikasema, huyu mtu amepeleka watu shule, amepeleka watu hospitali, amepeleka watu makaburini, hakuna aliyewahi kumpeleka yeye mahali akatembee tu.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, ila urudi.

Xaveria

* * *

Antigua
19 Mei 2024

Xaveria, mwongo mkubwa, Mama Clemence,

Marahaba zote. Barua zako mbili zimenifikia wiki moja, ile ya Matawi iliyochelewa ingawa ilitangulia, na ile ya maksai. Nimezisoma kwa mpangilio mbaya, kwanza nikashukuru halafu nikakasirika, nikazirudia kwa mpangilio mzuri nikakasirika halafu nikashukuru. Nimeamua kubaki hapo.

Ya baiskeli uliyoandika ni kweli. Sina la kuongeza. Brightness pia aliichora kabla barua yako haijanifikia, naona mlikuwa mnawaza pamoja.

Narudi mwezi ujao. Octavian amenipa blanketi la babu, lile la kwenye mahari, sufu nzito ya kufumwa milimani, nimeshalala chini yake, kwa hiyo hata nikitaka kukana siwezi. Asubuhi ninakunywa kahawa yake kwenye baraza, ule mlima wa moshi unavuta kiko chake, na Brightness akitoka kwenda kazini ananiambia, "Babu, mume wangu, kaa vizuri." Ninakaa vizuri. Nawashukuru ninyi wote mlionifanyia ujanja huu, mmoja mmoja, hata Sabore, maana najua alijua.

Jambo moja ulijue mapema. Bibi Toribia anakuja nami kuiona nyumba yetu. Niliwaeleza mila yote, kila kipengele, na yeye amenisikiliza kuliko wote. Jana amemwambia Brightness anitafsirie: atafika Babati, atakaa, atawaangalia viboko, atatuangalia sisi, na hatagusa chakula kwetu hata punje mpaka moyo wake ukubali.

Kwa hiyo maksai msimguse. Pika makande yako mazuri kila siku, uyaweke mbele yake, na akisema tumbo, usiite daktari.

Kaka yako,
Fabiani